Ukienda Real del Monte, uliza kwanza habari ya gunia

Kuna aina ya video ambayo mmeshaiona hata kama hamkumbuki jina la mji. Gari linapanda mlima, ukungu umeshuka, paa nyekundu zimebanana kwenye mteremko, halafu mtu anauma kitu kinachofanana na sambusa kubwa ya kuoka na kufumba macho. Maneno yaliyoandikwa juu yake ni yale yale: wikendi tamu, saa mbili tu kutoka jijini.

Mji huo ni Real del Monte, katika jimbo la Hidalgo, Mexico. Uko kama mita 2,700 juu ya bahari, juu kuliko Limuru, kwa hivyo ile baridi mnaielewa bila kuelezwa. Kile kinacholiwa kinaitwa paste. Na tangu 2004 serikali ya Mexico imeuweka mji huu kwenye orodha yake ya miji ya kitalii inayoitwa Pueblos Mágicos, yaani miji ya ajabu.

Sina ubaya na paste. Kinachonikera ni kwamba huu ni mji ambao mwaka 1766 wachimba migodi walimsimamisha mmoja wa matajiri wakubwa wa dunia ya wakati huo, wakamfanya arudishe walichonyang'anywa, na bado ukitafuta habari zake unapewa orodha ya mahali pa kula. Mimi sijafika Mexico, nauli na visa tuwaachie wenye navyo. Lakini historia haina visa. Hebu tuipande hiyo barabara pamoja, Jumamosi na Jumapili, na kila tukisimama tuulize swali moja tu: nani alichimba na nani akabeba?

Jumamosi asubuhi: Pachuca

Ukitoka jiji la Mexico unaelekea kaskazini mashariki, kama kilomita 95 hivi, unafika Pachuca. Watalii husimama kupiga picha mnara wa saa uliozinduliwa 1910, kisha wanaondoka. Wewe ngoja kidogo.

Hapa ndipo mwaka 1555, au miezi michache kabla, mfanyabiashara kutoka Sevilla aitwaye Bartolomé de Medina alifanikisha kitu kilichobadilisha pesa za dunia nzima. Mawe ya fedha yaliyokuwa rahisi kuyeyushwa kwa moto yalikuwa yanaisha, na yale yaliyobaki yalikula kuni nyingi kuliko faida yake. Medina alisaga mawe yakawa unga, akachanganya na maji, chumvi na zebaki, akatandaza tope hilo kwenye uwanja wa mawe na kuliacha kwa wiki kadhaa. Zebaki ilishikana na fedha. Ukiosha tope na kuchoma kilichobaki, zebaki inapaa na fedha inabaki mkononi.

Njia hiyo waliiita ya patio, yaani ya uwanja, na ilitumika kwa zaidi ya miaka 300. Kwa sababu yake hata mawe duni yalianza kuwa na thamani. Lakini zebaki ni sumu. Watu waliolikanyaga lile tope na waliosimama karibu na ile mivuke walilipa kwa miili yao. Kwa hivyo kabla hatujaingia mlimani, mjue kwamba kila sarafu inayong'aa katika hadithi hii ilipitia miguuni mwa mtu.

Jumamosi mchana: mji wenyewe

Kutoka Pachuca barabara inapanda kwa kona hadi Real del Monte, ni mwendo mfupi tu. Jina lenyewe linasema mengi. Real ni neno la Kihispania lenye maana ya "cha mfalme", na kambi za migodi ziliitwa hivyo kwa sababu ardhi ya chini ilihesabiwa kuwa mali ya mfalme wa Hispania. Wewe ulipewa ruhusa ya kuchimba, naye akachukua sehemu yake. Likumbuke neno hili, maana litatufuata hadi nyumbani.

Katika karne ya 18, mwamba wenye utajiri kuliko yote hapa uliitwa Vizcaína. Tatizo lilikuwa maji. Migodi ilikuwa imefurika. Mtu mmoja, José Alejandro Bustamante, alianza kuchimba handaki refu la kuyatoa maji hayo, na mshirika wake Pedro Romero de Terreros, Mhispania aliyekuja Mexico kijana, akaendelea nalo Bustamante alipofariki 1750. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya miaka 20. Ilipokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1760, fedha ikaanza kumwagika. Mdosi alikuwa ameweka pesa nyingi na kungoja muda mrefu, hilo tusimnyime.

Sasa tuje kwa wasee wa chini.

Mchimbaji wa Real del Monte hakulipwa mshahara tu. Kulikuwa na desturi iliyoitwa partido, na njia rahisi ya kuielewa ni kufikiria matatu. Dereva na konda wanafanya kazi kwenye gari la mtu. Kuna kiasi cha mwenye gari kila siku, hicho hakiguswi. Ukishatoa hicho, na mafuta, na yale mengine ya barabarani, kinachobaki ni cha watu wa gari. Ndiyo maana saa moja jioni unaona gari linakimbia kama limefukuzwa: wakati huo wanajitafutia wao.

Partido ilikuwa na roho hiyo hiyo. Mchimbaji alishuka na kujaza idadi ya magunia aliyopangiwa, hayo ni ya mwenye mgodi. Akishamaliza, mawe aliyochimba zaidi yaligawanywa nusu kwa nusu kati yake na mwenye mgodi. Lile gunia la mwisho ndilo lililomfanya ashuke kwenye shimo lenye joto na giza ambalo angeweza asitoke. Mshahara ulimlisha. Gunia lilimpa sababu ya kuamka.

Romero de Terreros aliliona gunia hilo kama tundu kwenye mfuko wake. Na alikuwa na hoja: alisema wachimbaji wanajaza magunia yake mawe ya hovyo, halafu mawe mazuri wanayaweka kwenye magunia ya mgao. Inawezekana kabisa. Hata konda anajua abiria yupi wa kumwandika na yupi wa kumsahau. Dawa yake ikawa hii: magunia yote yamwagwe pamoja, yachanganywe, kisha mgao wa mchimbaji utoke kwenye mchanganyiko. Na vibarua wa mgodini waliokuwa wakilipwa reale 4 kwa zamu wakashushiwa hadi 3.

Angalia ujanja ulivyo. Hakusema nimeifuta partido. Jina lilibaki pale pale, nusu ilibaki nusu. Alichobadilisha ni kilichomo ndani ya nusu.

Sisi tunaoishi kwa kutengeneza video tunaijua hii kitu hadi kwenye mifupa. Kuna kampuni moja, sitaitaja, niliyokubaliana nayo asilimia ya mauzo yaliyopitia kwangu. Asilimia haikuwahi kuguswa. Kilichobadilika ni maana ya neno "mauzo". Kufikia mwezi wa tatu nilikuwa napata asilimia ile ile ya kitu kidogo sana. Kwa hivyo niliposoma habari ya magunia kuchanganywa, sikuhitaji mtu wa kunifafanulia.

Waliandika kabla ya kurusha mawe

Hii ndiyo sehemu ninayotaka mshike, kwa sababu ndiyo huachwa nje.

Mwishoni mwa Julai 1766 wachimbaji wa Real del Monte waliandika malalamiko yao na kuyashusha Pachuca kwa maofisa wa mfalme. Hawakuridhika na walichojibiwa. Mwanzoni mwa Agosti wakapeleka malalamiko mengine hadi jiji la Mexico, kwa mwakilishi mkuu wa mfalme mwenyewe. Walieleza partido ni nini, ilikuwaje zamani, imebadilishwaje, na wanataka nini. Hawa ni watu waliotumia siku zao chini ya ardhi, wengi wao hawakujua kusoma, lakini walijua kwamba malalamiko yasiyo kwenye karatasi ni upepo.

Na wakaacha kazi. Wengi huuita mgomo huu wa kwanza wa wafanyakazi katika bara la Amerika. Sitagombania hicho cheo. Kinachonivutia ni mpangilio: barua kwanza, mgomo baadaye, na hasira mwisho kabisa.

Hasira ilikuja. Tarehe 15 Agosti, mambo yalipokuwa hayasongi, umati ulilipuka. Hakimu wa wilaya, Miguel Ramón de Coca, aliuawa, na msimamizi mmoja wa mgodi pia akauawa. Romero de Terreros akaponea chupuchupu na kukimbilia shamba lake la San Miguel, mbali na mji. Watu wawili walikufa siku hiyo, na sitalipamba hilo liwe ushujaa. Ila ukisoma mahali palipoandikwa "ghasia za 1766" bila kutaja karatasi zilizotangulia, jua umesimuliwa filamu kuanzia katikati.

Serikali ilimtuma Francisco Javier de Gamboa, mwanasheria aliyeijua sheria ya migodi kuliko karibu mtu yeyote Mexico, na ambaye miaka mitano awali alikuwa amechapisha kitabu kizima kuihusu. Gamboa alikuja na askari, baadhi ya wagomaji wakakamatwa na kuadhibiwa. Lakini pia alisikiliza. Na katika kanuni alizoziweka Septemba mwaka huo huo, partido ilirudishwa na malipo ya vibarua yakarudi reale 4.

Rudia hapo polepole. Mwaka 1766, chini ya utawala wa mfalme wa ng'ambo, wachimbaji maskini walirudishiwa gunia lao.

Saa ya kula

Sasa tunaweza kula. Paste ni unga uliokunjwa na kusokotwa ukingoni, ndani kuna viazi na nyama, ingawa siku hizi utapata pia wa maharagwe au mole. Ulitoka Cornwall, kusini magharibi mwa Uingereza, kwa wachimbaji walioubeba kazini kama chakula cha mchana.

Walifikaje huku? Vita vya uhuru wa Mexico viliiacha migodi ikiwa imefurika tena, na mwaka 1824 ikaundwa kampuni London ya kuja kuifufua Real del Monte kwa mashine za mvuke. Mwaka 1825 mashine zilishushwa pwani karibu na Veracruz, na homa ya manjano ikawaua wengi wa walioandamana nazo kabla hata hawajauona mlima. Waliofika walijenga na kufunga mitambo, wakaishi, wakazikwa. Makaburi yao yapo hadi leo juu ya mji, chini ya miti mirefu, na watu huenda kuyatembelea. Mwaka 2014 Charles, ambaye sasa ni mfalme wa Uingereza, alifika hapa akaonjeshwa paste. Hata mpira wa miguu wa Pachuca una mizizi kwa watu hawa.

Hadithi tamu. Ila kuna kipande ambacho hakiwekwi kwenye sahani. Kampuni ya Waingereza nayo iligombana na wachimbaji wa Mexico juu ya kitu gani? Partido. Mdosi alikuwa mpya, lugha ilikuwa mpya, mashine zilikuwa za kisasa, lakini gunia likabaki lile lile. Kampuni hiyo ilipata hasara kubwa na kuuza kila kitu 1849.

Kwa hivyo mji umewaweka Waingereza kwenye chakula, kwenye makaburi na kwenye tamasha la kila Oktoba. Wale wa 1766 wako kwenye makumbusho ya migodini na kwa wanaojua kuuliza. Ukipata nafasi, ingia mgodi wa Acosta, ule uliogeuzwa makumbusho, utembee ndani ya handaki lake. Dakika chache tu za giza lile zitakueleza kwa nini mtu anaweza kupigania gunia la mawe.

Jumapili: maji, mawe na duka la rehani

Kesho yake unashuka kwenda Huasca. Mawe ya Real del Monte yaliteremshwa upande huu kwa nyumbu wa mizigo hadi kwenye viwanda vya Romero de Terreros, kwa sababu huku kuna maji ya kuendeshea vinu. Watu wanakuja kuona korongo la Santa María Regla, ambako miamba ya volkano imesimama kama nguzo zilizochongwa na fundi. Msomi Mjerumani Alexander von Humboldt alipita hapa 1803 na kuichora. Hapo jirani ndipo penye hacienda yenyewe, na viwanja vyake vya kukanyagia tope la zebaki. Piga picha nguzo, sawa. Lakini geuka pia utazame uwanja.

Mwaka 1768, miaka miwili tu baada ya mgomo, mfalme alimpa Romero de Terreros cheo cha Conde de Regla. Na jioni ukirudi jiji la Mexico, simama karibu na kanisa kuu. Kuna jengo kubwa limeandikwa Monte de Piedad. Ni duka la rehani. Alilianzisha yeye, mwaka 1775, kwa peso 300,000 kutoka mfukoni mwake, ili maskini waweze kuweka kitu rehani na kukopa bila kunyonywa na wakopeshaji. Mwanzoni hawakutozwa riba, walitoa sadaka kwa hiari yao. Taasisi hiyo bado ipo hadi leo, miaka 250 baadaye.

Hapa ndipo safari yangu yote ilikuwa inaelekea. Sisemi ile sadaka ilikuwa ya uongo. Naamini iliwasaidia watu wengi sana. Lakini yaweke mambo mawili mezani, uyatazame pamoja. Mwanamume yule yule aliyeona nusu gunia la mchimbaji ni nyingi mno, ndiye aliyetoa peso 300,000 kwa maskini. Tofauti ni ipi? Gunia lilikuwa haki: mchimbaji alilidai, na hakusema asante. Mkopo wa rehani ulikuwa wema: unakuja na kitu chako mkononi, unasimama kwenye foleni, unamwombea dua aliyekuwekea duka.

Wengi wa wenye nacho hupenda kutoa. Wasichopenda ni kudaiwa. Na historia, kwa kuwa huandikwa ukutani na wenye pesa za kujenga kuta, huliweka jina la mtoaji juu ya mlango na kulisahau jina la aliyedai.

Reale ya mzinga

Mtasema haya ni ya Mexico, yanatuhusu nini. Hebu lirudieni lile neno, real.

Fedha ya migodi ya Mexico ilipelekwa jiji kuu kugongwa sarafu, na ile kubwa ilikuwa ya reale 8. Kuanzia 1732 hadi miaka ya 1770 mwanzoni, ilichorwa nguzo mbili upande mmoja. Sarafu za Mexico zilizunguka dunia: Manila, China, India, Arabuni. Na zilifika pwani yetu. Waswahili wa karne ya 19 walihesabu biashara kwa reale, na walikuwa na majina ya kutofautisha: reale ya Sham ilikuwa ile ya Maria Theresa kutoka Austria, na ile ya Kihispania yenye nguzo ikaitwa reale ya mzinga. Machoni pa watu wa pwani, nguzo zile zilikuwa mizinga.

Neno hilo hilo ndilo lililokaa katika riyali za Uarabuni. Dada au binti wa mtaani kwenu akikutumia pesa kutoka Riyadh, anakuhesabia kwa jina lililotoka Hispania na kusambazwa na fedha ya milima kama hii. Nasi Waswahili tukaenda mbali zaidi: kwetu fedha ni madini na fedha ni pesa, neno moja. Lugha yetu inajua kwamba kabla pesa haijawa namba kwenye simu, ilikuwa jiwe ambalo mtu alilichimba.

Kwa hivyo siku ukipanda mlima ule, kula paste yako, hata mbili. Piga picha ukungu. Halafu mwulize anayekutembeza swali moja: wale walioandika barua ya 1766 wanakumbukwa wapi hapa?

Na kama huendi kokote wikendi hii, swali lako ni jepesi zaidi. Chukua makubaliano yako ya kazi, yawe ya gari, ya duka, ya shamba au ya video, uyasome tena. Usitazame nusu uliyoandikiwa. Tazama ni nusu ya nini.